Mtu Yuleyule Katika Kila Picha

Arlette alikuwa amejiandaa kwa maneno yote ambayo baba yake angeweza kuyasema mbele ya picha zake. Alijiandaa kwa sifa, ingawa Mzee Isidore hakuwa mtu wa kusifu kitu kabla ya kukitoa kasoro. Alijiandaa kwa kasoro pia. Ila hili hakuliwaza hata kidogo.

"Huyu mwanaume ni nani?"

"Mwanaume gani, Papa?"

"Huyu." Kidole cha mzee kiligusa picha ya kwanza. "Na huyu hapa. Na huyu kule. Hii balisema ni picha ya mihogo. Mihogo iko wapi? Mi naona mugongo ya mutu."

Walikuwa katika ukumbi wa chama cha wakulima, mjini Baraka. Picha zilikuwa zimening'inizwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na watu walipita chini yake wakitafuta mashamba yao na ya jirani zao. Chama ndicho kilichomwomba Arlette apige picha za mashamba ya pwani na ya bara, toka Makobola mpaka Kilembwe. Aliifurahia kazi hiyo kuliko kazi yoyote aliyowahi kupata. Alikuwa amechoka na maharusi na ubatizo, na wajomba wanaotaka kuonekana warefu. Shamba halikuulizi kama limetokea vizuri.

"Ni mukulima, Papa. Hizi ni picha za bakulima."

"Bakulima beko bengi. Kilembwe ulienda, ukapiga vilima. Makobola ulienda, ukapiga karanga na bamama benye banaanika mihogo. Kufika Lweba, macho yako ikaona mutu moya tu?"

Arlette alifungua kinywa kujibu, akainua macho, na kwa mara ya kwanza akaziona picha zake kama mtu mwingine anavyoziona.

Katika picha ya kitalu cha mpunga, Niyongabo, yule mkulima wa Lweba, alikuwa ameinama na mwanga wa asubuhi umemlalia shingoni. Katika picha ya mahindi alikuwa mbali, mdogo kama msumari, lakini mistari yote ya mahindi ilikuwa inamwendea yeye. Katika picha ya bonde baada ya mvua hakuwepo kabisa. Kofia yake ya majani ndiyo iliyokuwepo, imetundikwa juu ya kijiti, katikati kabisa.

Arlette alinyoosha mkono aigeuze ile picha, akachelewa.

"Hii bonde naijua," baba yake alisema polepole. "Ni yangu. Na huyu ni ule Murundi mwenye nilipatiaka bonde alime." Akamgeukia. "Arlette. Unamupenda."

Halikuwa swali. Kando yao Tantine Clarisse, dada yake Mzee Isidore, alianza ghafla kutafuta kitu ndani ya mkoba wake.

"Papa, tuko mbele ya batu!"

"Batu? Batu bo balishaona! Baraka yote imeona! Mi tu, papa yako, njo nakuya kujulia ku kamba, pamoja na bauzaji ba samaki!" Alishusha sauti, na ilikuwa mbaya zaidi kuliko alipoipandisha. "Ule mutu anaamukaka kila asubuyi anaangalia ng'ambo ya ziwa. Kule njo kwabo. Siku moya atavuka. Atakuachia mutoto mugongoni na mupunga mu matope. Mi siwezi kukubali."

"Lakini Papa, hajaniambia hata..."

"Tena hayakuambia!" Mzee alipiga mikono kama mtu aliyepewa ushahidi. "Hayakuambia na picha zinajaa nyumba!"

Akatoka bila kuaga mtu.

*

Habari iliyofuata Arlette aliipata asubuhi, jikoni, kutoka kwa Tantine Clarisse aliyekuwa akipuliza makaa. Jioni ile ile baba yake alimtuma Raphaël, binamu yake Arlette, kwenda Lweba. Ujumbe ulikuwa mfupi: Niyongabo atoke bondeni mbele ya siku ya Mungu, yaani kabla ya Jumapili.

"Na yee alisema nini?" Arlette aliuliza.

"Raphaël anasema alisema aksanti."

"Aksanti?"

"Njo vile alisema. Aksanti."

Arlette akasimama. Alichukua mfuko wa kamera kwa mazoea tu, maana siku hiyo hakuwa na nia ya kumpiga mtu picha. Nia aliyokuwa nayo ilikuwa nyingine. Alipanda pikipiki ya kwanza iliyosimama mbele ya mlango, na njia nzima, kati ya mashimo na mbuzi, alikuwa na hasira na baba yake, na Raphaël, na ule ukumbi, na zaidi ya wote na Niyongabo. Mtu mwenye simu, mwenye mdomo, mwenye akili. Aksanti!

Bonde lilikuwa nyuma ya nyumba za mwisho za Lweba, pale kijito kinapotanuka kabla ya kufika ziwani. Baba yake alikuwa ameliacha miaka mingi, likawa matete na nyoka. Niyongabo aliyaondoa matete kwa mikono yake, akachimba mifereji, akaotesha mpunga. Mwaka huo lilikuwa zuri hata wapita njia walisimama kulitazama.

Sasa upande mmoja ulikuwa mtupu. Niyongabo alikuwa amesimama ndani ya matope mpaka magotini, mundu mkononi, akikata mpunga mbichi.

"Unafanya nini?" Arlette alipiga kelele kabla hata hajashuka kwenye tuta.

"Nakata mupunga."

"Naona kama unakata mupunga! Haiyaiva!"

"Basi kama unaona, unauliza nini?"

Ndivyo alivyokuwa. Siku ya kwanza walipoonana, wakati wa kupanda, alikuwa anapita na kupita mbele ya kamera, naye Arlette akamfokea atoke kwenye picha. Alisimama, akamwangalia kwa yale macho yake matulivu, akauliza: "Nitoke niende wapi? Kazi yangu iko hapa." Arlette alikasirika siku nzima. Usiku hakulala. Wiki iliyofuata alirudi Lweba akisema mwanga haukuwa mzuri, na tangu hapo mwanga wa Lweba haukuwahi kuwa mzuri kiasi cha kumfanya asirudi.

Aliteremka matopeni na viatu vyake. Akavunja suke moja, akaminya punje kwa ukucha. Ute mweupe ukamchuruzika kidoleni.

"Angalia! Maziwa! Utakula nini hapa?"

"Majani nitapatia mwenye ng'ombe."

"Na mupunga?"

"Mupunga imekufa tayari, Arlette. Ao nikate mi, ao mwingine akuye kuvuna jasho yangu."

"Mwingine nani? Papa yangu hawezi kuvuna mupunga yako! Ni muntu wa kasirani, si mwizi!"

"Sikusema ni mwizi. Alisema nitoke mbele ya siku ya Mungu, natoka."

"Na we unakubali tu! Bila kuniita! Simu yako imekufa?"

"Simu iko muzima."

"Basi?"

Niyongabo alishika fungu jingine la mpunga. "Ningesema nini? 'Arlette, papa yako ananifukuza, kuya uniombee'? Mi si mutoto."

"Apana, we si mutoto. Mutoto angelia, na mi ningejua kama anaumwa!"

Debe lililia kwa kishindo. Ndege walirushwa kutoka kwenye mpunga kama vumbi, na wote wawili wakaruka pamoja nao. Juu ya tuta la mwisho alikaa Mama Nibigira, mama yake Niyongabo, na kazi yake ilikuwa kuwafukuza ndege kwa fimbo na debe tupu. Arlette hakuwa amemwona. Akainama haraka.

"Samahani, Mama. Shikamoo."

"Marahaba." Mama Nibigira hakumwangalia. "Endeleeni tu. Ndege wanaogopa kelele zenu kuliko debe langu."

Niyongabo alirudi kukata, haraka kuliko mwanzo. Mundu uliteleza. Hakutoa sauti, lakini Arlette aliona mkono wake wa kushoto ukifumba, na damu ikipita kati ya vidole.

"Lete."

"Si kitu."

"Niyongabo, lete mukono, nakuomba, nimechoka na we!"

Akauleta. Arlette alimwosha kwa maji ya chupa yake, akatoa kile kitambaa laini cha kufutia kioo cha kamera, akaanza kukizungusha kwenye kidole. Walikuwa hawajawahi kushikana mikono, zaidi ya salamu. Msimu mzima alikuwa akiujua mkono huu kupitia kioo: unavyobana miche, unavyopangusa jasho, unavyoning'inia kandoni mwenyewe akipumzika. Kumbe ulikuwa wa moto hivi. Alifunga fundo polepole kuliko ilivyohitajika.

"Hii kitambaa ni ya bei," alisema ili aseme kitu.

"Nitakufulia."

"Usinifulie. Uniambie tu kwa nini ulisema aksanti."

Niyongabo aliuangalia ule mkono wake uliofungwa, bado umo ndani ya mikono ya Arlette. "Papa yako alinipatia bulongo, hii shamba, wakati hakuna mutu alinipatia. Mutu akikupatia kitu kisha akarudisha, unasema aksanti kwa siku zenye ulikuwa nayo. Mama njo alinifundisha hivyo."

"Na mi? Mi unaniambia aksanti pia? Kisha unaenda?"

Arlette alijua ukimya wake wa aina zote. Huu ulikuwa mpya.

"Niyongabo. Unaenda wapi?"

"Mama anataka kurudi kwetu." Aliitupia macho ng'ambo ya ziwa. Siku hiyo hewa ilikuwa safi na milima ya Burundi ilionekana vizuri, mikunjo yake yote. "Bengi banarudi. Alikuwa anasema zamani. Sasa hakuna tena kitu cha kumujibu."

"Zamani ulikuwa unamujibu nini?"

"Kwamba tungoje."

"Mungoje nini?"

Alivuta mkono wake, akauokota mundu, akausafisha kwa jani ingawa ulikuwa safi. Arlette alihisi angeweza kupiga yowe. Kupiga picha ya mamba ziwani ilikuwa rahisi kuliko kutoa neno ndani ya mwanaume huyu.

"Mungoje nini, we muntu?"

"Mavuno."

"Mavuno ya nini?"

Debe lililia tena, mara moja tu.

"Ya karanga," alisema Mama Nibigira kutoka juu ya tuta, bado akiangalia ndege. "Karanga zilipokwisha, akasema tungoje mahindi. Mahindi yakavunwa, akasema, Mama, tungoje mihogo ikomae. Mihogo ya mtu huyu haikomai. Sasa ni mpunga. Nilizaa mtoto, sikuzaa mjinga, na yeye anafikiri alizaliwa na mjinga. Nilijua siku nyingi kwamba hatungoji karanga."

"Mama!" Niyongabo alisema.

"Nimekosea? Sema nimekosea."

Niyongabo alisimama katikati ya mpunga wake, matope magotini, akiukazia macho mundu wake. Arlette alimwangalia. Hakuamini. Msimu mzima! Msimu mzima yeye alikuwa anasingizia mwanga, na mwanaume huyu anasingizia karanga!

"Ni kweli?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilibakia juu yako, sababu yako," Niyongabo alisema. Aliyatoa maneno kama mtu anayebeba gunia zito na anatafuta pa kulitua. "Na nilijua sina haki ya kubakia juu yako. Mi ni mukimbizi mu shamba ya papa yako. Kila kitu chenye ningekupatia ni chake tayari."

"Rudilia. Sema tena."

"Apana."

"Rudilia! Nimepanda pikipiki asubuyi bila kula, nimeharibisha viatu, nimekufunga na kitambaa ya kamera yangu. Rudilia ile ya kwanza!"

Kona ya mdomo wake ikasogea kidogo. Macho yao yakakutana, na safari hii hakuna aliyeyakwepesha. Upepo wa ziwani ulipita juu ya mpunga uliobaki, ukaulaza, ukauinua. Niyongabo akavuta pumzi ili aseme.

"Nani alisema mukate mupunga mubichi?"

Mzee Isidore alikuwa amesimama juu ya tuta, suruali yake ya kazini imekunjwa, viatu mkononi. Nyuma yake alisimama Raphaël na uso wa mtu anayetamani kuwa kwingine.

Niyongabo alivua kofia. "Ni we, Papa Isidore."

"Mi? Mi nilisema utoke mu shamba! Sikusema uue chakula!"

"Raphaël alisema mbele ya siku ya Mungu. Kufika siku ya Mungu haiwezi kuiva."

"Raphaël!"

"Papa mudogo, njo vile ulisema," Raphaël alijibu kwa huzuni. "Na ulinirudilisha mu mulango ukasema tena."

"Nilikuwa na kasirani! Mutu anasemaka mengi na kasirani! We ulipaswa kuchuja!" Mzee aliteremka matopeni, akaokota fungu la mpunga uliolazwa, akaminya punje kama binti yake alivyofanya. Uso wake ukakunjamana kwa maumivu ya kweli. Miaka mingi hakuwa amekanyaga bonde hilo. Aliinua macho, akaangalia mifereji iliyonyooka, matuta, kijani kilichobaki mpaka kwenye miti ya mawese. Aliangalia kwa muda mrefu. "Picha haikusema yote," alinong'ona.

"Papa," Arlette alianza.

"Nyamaza, we. Clarisse aliniambia kama umetoka kama moto, nikajua uko hapa. Na Baraka yote inajua uko hapa." Akamgeukia Niyongabo. "Na we. Unafikiri nilikasirika juu we ni Murundi?"

"Ndiyo, Papa."

"Kidogo, ndiyo!" alikubali mzee kwa ukali. "Lakini kile kiliniuma ni kingine. Umelima kwangu, umekula chumvi yangu, kila mavuno unaniletea mahindi, unakaa mu kiti yangu, unaongea juu ya mvua. Mvua! Kila mara mvua! Na binti yangu iko anaenda anarudi Lweba kama mutu wa posta. We haukuona mulango yangu? Mulango iko wazi, lakini mi nalazimishwa kusoma habari ya nyumba yangu ku kamba ya nguo!"

"Hakukuwa habari bado, Papa," Arlette alisema. "Njo niko nakuambia toka jana. Hakuniambia kitu!"

"Bado tu?"

"Ulikuya wakati alikuwa anafungua mudomo!"

Mzee Isidore alifumba macho kama mtu anayeomba apewe uvumilivu kutoka juu. Alipoyafumbua, sauti yake ilikuwa imetulia.

"Basi mi nitauliza, sababu nyinyi mutazeeka mu haya matope. Niyongabo. Unarudi kwenu ao unabakia? Jibu mbele yangu na mbele ya mama yako."

Niyongabo aligeuza uso kuelekea majini.

"Usiangalie ziwa!" mzee alisema. "Ziwa haina jibu. Niangalie mi."

Niyongabo akamwangalia. "Mama anataka kuona kaburi ya papa na bulongo yetu. Nitamusindikiza. Siwezi kumuachilia aende peke yake. Kisha narudia."

"Unarudia wapi?"

"Hapa."

"Sababu ya mupunga?"

"Apana, Papa."

Wakangoja. Kijito kilipita. Raphaël alikohoa. Niyongabo alikunja na kukunjua ukingo wa kofia yake.

"Sababu ya nini, basi!" walifoka pamoja Arlette na baba yake, kwa sauti moja, kwa hasira moja, mpaka wakageuka kuangaliana.

"Sababu ya Arlette," Niyongabo alisema. Alisema kwa nguvu, kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde. "Namupenda. Nilimupenda toka siku ya kwanza alinifokea. Hata kama unatwaa shamba, namupenda. Hata kama unakataa, nitakuya kusema tena. Sasa nimesema."

Arlette alikuwa amengoja maneno hayo tangu mvua za kwanza. Alikuwa ameyawazia kwenye mchanga wa ziwa, au chini ya miti ya mawese, wawili tu. Hakuyawazia mbele ya baba yake aliyekunja suruali, mbele ya Raphaël, huku mbu wakimuuma miguuni. Machozi yalimtoka hata hivyo, na hilo nalo lilimkasirisha.

Mzee Isidore aliguna. Aliuweka ule mpunga aliokuwa ameushika juu ya tuta, polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Acha hii yenye imebakia ikomae," alisema. "Shamba ni yako mpaka mavuno. Kisha mavuno, tutaona. Siyasema ndiyo. Musikie bote: siyasema ndiyo! Kwetu mutu haombi binti ya mutu mu matope, na mundu mukononi. Anakuya ku nyumba. Anakuya na bakubwa bake. Anakaa, anangoja baulize."

"Papa yangu amekufa," Niyongabo alisema. "Bajomba bangu beko mbali. Niko na Mama tu."

"Basi Mama."

Wote wakageuka kumtazama mwanamke aliyekaa na debe. Mama Nibigira alikuwa ameinua fimbo. Hapakuwa na ndege hata mmoja. Akalipiga debe hata hivyo, kwa nguvu zote.

Mzee Isidore alielewa kwamba hilo ndilo jibu lake kwa sasa: bado. Akamwinamia kwa heshima, akachukua viatu vyake, akaondoka na Raphaël kwa njia ya kwenye miti ya mawese, bado akimlaumu kwa kutochuja.

*

Niyongabo alianza kukusanya mpunga uliokatwa, mkono mmoja. Arlette alivua viatu, akapanda juu ya tuta, akakaa karibu na Mama Nibigira, si karibu sana.

"Pole, Mama."

"Pole ya nini? Ni wewe uliyekata mpunga?"

"Apana. Kwa... yote."

Mama Nibigira aliendelea kuangalia bonde. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefukuza ndege wa kila namna maisha yake yote.

"Nilitaka aoe kwetu," alisema. "Nilikuwa nimeshamwona msichana, kabla hatujakimbia. Mtoto wa jirani. Nafikiri sasa ana watoto wanne." Aliliweka debe sawa. "Nilitaka ngoma za kwetu, na dada zangu wote, na mimi nimekaa mbele. Siyo kwenda mlangoni kwa mtu kama mwombaji, na Kiswahili changu hiki kisicho cha hapa, kumwambia mtu aliyetufukuza jana anipe binti yake leo."

"Hautalazimishwa, Mama."

"Nani anasema nitalazimishwa? Naongea. Mtu hawezi kuongea?"

"Anaweza, Mama."

"Kaburi la mume wangu limeota majani. Hilo ndilo nataka kuliona kwanza. Nikishalifyeka, moyo wangu utatulia kidogo, na nitajua pa kukaa." Alishusha fimbo magotini. "Huyu mtoto hajui kulala bila kusikia nikikohoa chumba cha pili. Anafikiri sijui."

Arlette akauweka mkono wake juu ya ule wa mama, uliokuwa mkavu na mgumu, na Mama Nibigira hakuuondoa. Wala hakuushika. Walimwangalia Niyongabo akipanga mafungu ya mpunga kando ya mfereji kwa mkono uliofungwa kitambaa, anaangusha, anaokota, anaangusha tena.

"Anapanga vibaya," Arlette alisema.

"Vibaya sana," mama akakubali.

Wakakaa hivyo. Jua lilikuwa limepanda, na kule chini ziwa lilimeta hata likaumiza macho.

"Baba yako," Mama Nibigira aliuliza ghafla, "anakunywa nini?"

Chini bondeni Niyongabo alisimama wima, fungu la mpunga kifuani. Alikuwa amesikia. Kwao hakuna mtu mzima anayeuliza swali hilo bure. Mwenye kwenda kuomba binti huenda na kinywaji, na huanza kwa kuuliza.

"Papa?" Arlette alisema. "Papa hakunywaka pombe, Mama. Ni shemasi."

"Hata bia moja?"

"Hata moya."

"Hata mvinyo wa ndizi, kidogo, kwa heshima ya wageni?"

"Anakunywaka chai."

Mama Nibigira aliufikiria mzigo huo kwa muda, akatikisa kichwa, akashusha pumzi ndefu ya mtu ambaye dunia imemchosha na bado haijamaliza.

"Chai! Mungu wangu. Maneno ya posa huteleza kwa bia. Sasa na chai tutazungumza mpaka lini?"